Maneno Adimu ya Kiingereza kwa Wachezaji wa Scrabble: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Mbeya na Iringa

Kila Jumamosi alasiri tunakutana watu kumi hivi nyumbani kwa mwenzetu mmoja hapa Forest, Mbeya, tunacheza Scrabble, mchezo wa kupanga vigae vya herufi ubaoni ili kuunda maneno na kuvuna pointi. Julai baridi ikizidi tunasogeza ubao karibu na jiko la mkaa. Wageni huuliza maswali yaleyale, na wenzetu wa Iringa, Njombe na Tukuyu wakipiga simu nao huuliza hayohayo. Nimeyakusanya hapa. Maneno ya mchezo nimeyaandika kwa herufi kubwa, kama yanavyokaa ubaoni.

Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Kweli nitauweza mchezo huu?

Utauweza, tena nasema hivyo nikiwa nimeona watu wa kila aina wakikaa kwenye viti vyetu. Mwaka 2015 Nigel Richards, mzaliwa wa New Zealand, alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa wakati Kifaransa chenyewe hakijui kukizungumza. Alikariri maneno. Mwaka huohuo, kule Perth, Australia, Wellington Jighere wa Nigeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia kwa Kiingereza.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi ambalo ningependa kila mgeni alisikie kabla hajagusa herufi. Maneno mengi yanayoitwa adimu, yale ambayo mchezaji wa London anayakariri usiku kucha, wewe umekua nayo. Yalipita kwenye Kiarabu, Kihindi na lugha za Kibantu kabla Kiingereza hakijayachukua, na Kiswahili kilikuwa palepale njiani. Sehemu kubwa ya ukurasa huu inahusu hilo.

Tunatumia kamusi gani?

Orodha ya Collins, ambayo ndiyo inayotumika kwenye ubingwa wa dunia na karibu kila mahali nje ya Amerika ya Kaskazini. Ina maneno zaidi ya 270,000. Wamarekani na Wakanada wana orodha yao, yenye maneno chini ya 200,000. Ukicheza kwenye simu, angalia kwanza programu yako inatumia ipi. ZO na KY zinakubalika Collins, lakini orodha ya Marekani inazikataa, na watu wamewahi kununiana hapa kwa sababu kila mmoja alijifunzia kwenye simu yake.

Kamusi ya shuleni haifai kuwa mwamuzi. Nilishawahi kuondolewa neno QADI kwenye bonanza moja kwa sababu kamusi iliyokuwa mezani ilikuwa ndogo, ya wanafunzi, na mwamuzi hakuwa na nyingine. Tangu siku hiyo hatuanzi mchezo wowote kabla hatujakubaliana orodha.

Nianze na maneno gani?

Ya herufi mbili. Collins ina 127, orodha ya Marekani 107. Hayo ndiyo yanayokuwezesha kulaza neno lako sambamba na la mwenzako, ukavuna pointi pande zote mbili.

Kuna njia ya mkato ambayo mwalimu wetu mmoja mstaafu aliibuni kwa ajili ya wanaozungumza Kiswahili. Chukua vile viunganishi tulivyofundishwa darasani: *cha, la, pa, ya, za*. Vyote vitano ni maneno halali ya Kiingereza! CHA, ingawa ina herufi tatu, ni chai. LA ni noti ya muziki. PA ni baba. YA ni wewe, kwa matamshi ya mtaani. ZA ni pizza iliyokatwa kichwa, na ina pointi 11. WA haimo na VYA haimo, kwa hiyo usizijaribu. Mtu akishika hivyo vitano, kesho yake anavikumbuka bila kufungua daftari, kwa sababu amevisema tangu utotoni kila anapouliza habari za asubuhi.

Ukitoka hapo ongeza QI, nguvu ya uhai katika imani ya Wachina. Ongeza XU, sarafu ndogo ya Vietnam, na XI, herufi ya Kigiriki. JO ni mpenzi kwa Waskoti, na KY ni ng'ombe kwa Waskoti haohao. ZO ni chotara wa ng'ombe na yaki kule Tibet, na mnyama huyohuyo anaandikwa pia DZO, ZHO na DZHO, hivyo amekupa njia nne za kuitua Z yako. AI ni mnyama wa Amerika ya Kusini anayening'inia mitini na kujongea polepole mno, mwenye kucha tatu. OE ni upepo wa kisulisuli wa visiwa vya Faroe. KA ni roho ya mtu kwa Wamisri wa kale.

Uone thamani ya haya: Q ina pointi 10. Ikikaa kwenye mraba unaozidisha herufi mara tatu inakuwa 30, ukiongeza I ni 31. Ukiweza kuipanga Q hiyo isomeke QI kwa mlalo na QI kwa wima, umepata 62 kwa herufi mbili tu kutoka kibaoni kwako, pale unapopanga herufi zako saba. Mchezo mwingi huku kwetu unaamuliwa na tukio kama hilo.

Nimebaki na Q na sina U. Nifanye nini?

Swali hili ndilo nilipendalo kuliko yote.

Kwa Mwingereza, Q bila U ni msiba. Kwako wewe ni fursa, kwa sababu maneno mengi muhimu ya aina hiyo yametoka Kiarabu, na babu zetu wa pwani waliyapokea zamani sana. Kiswahili kiliibadilisha ile sauti ya kooni kuwa K, Kiingereza kikaiandika Q. Basi fanya kazi ya kurudisha: chukua neno la Kiswahili, toa irabu ya mwisho, K ifanye Q, kisha uangalie.

Kadhi ni QADI. Talaka ni TALAQ. Nikabu ni NIQAB. Fakiri ni FAQIR. Kibla ni QIBLA, na irabu yake ya mwisho imebaki. Wakfu ni WAQF, pointi 19 kabla hujagusa mraba wowote wa rangi unaozidisha pointi. Soko ni SUQ; neno hili tunalisema kila siku tukienda Mwanjelwa kununua vitunguu, kumbe limekaa pia kwenye orodha ya Scrabble likisubiri mtu mwenye Q. Tarika ni TARIQA. Ile kanuni inayopigwa kwenye taarabu ya Zanzibar, ala yenye nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, ni QANUN. Na kalamu? Kuna QALAMDAN, kisanduku cha Kiajemi cha kuwekea kalamu.

Mirungi nayo ni QAT. Pia ina maandishi mengine, KAT na KHAT, ikiwa Q imeshatoka.

Tahadhari: si kila K inageuka Q. Kitabu hakikupi neno lolote la Q, na hakimu ni HAKIM, kwa K. Jaribu njia hii nyumbani na orodha mkononi, usiifanyie majaribio kwenye mchezo wa mashindano.

Kwa hiyo Kiarabu chetu kinasaidia hata pasipo Q?

Sana. Waziri ni WAZIR, pointi 17. Liwali ni WALI. Zaka ni ZAKAT. Mihrabu ni MIHRAB. Jini ana maandishi mengi: JINN, JINNI, DJIN, DJINN. Shetani ni SHAITAN, herufi saba kamili, na atakayeweza kumshusha zote saba kwa mkupuo anapata bonasi ya 50. Kutoka upande wa Bara Hindi kuna LAKH, ambayo ni laki, ileile laki tunayohesabia bei ya gunia la mpunga wa Kyela. Kuna ACHAR, ndiyo achari. CHAPATI ipo, PILAU ipo.

Maneno ya Kiswahili chenyewe yanakubaliwa?

Yanakubaliwa yale tu ambayo kamusi za Kiingereza zimeyapokea, na ni mengi kuliko watu wanavyodhani. SAFARI kila mtu anaijua. Lakini UGALI imo. SUFURIA ya kuupikia imo. SHAMBA, JEMBE, PANGA na BOMA zimo. SIMI ni sime. Kwenye kabati la mama utakuta KANGA, ambayo pia huandikwa KHANGA, na KITENGE, KIKOI, BUIBUI. KANZU ina pointi 18. Kwenye sherehe kuna NGOMA, TAARAB na POMBE. Kuna UHURU, HARAMBEE, MATATU, ASKARI, MZEE, MWALIMU.

Na kuna UJAMAA. Neno hili lina pointi 15, limejaa irabu, na limeshika J ambayo inawasumbua watu. Mara ya kwanza nilipoliona limekubaliwa nilinyamaza kidogo. Baba yangu alihamia kijiji cha ujamaa akiwa kijana, akabeba mlango wa nyumba yake begani. Leo neno lile limeingia kwenye kamusi za watu ambao hawakuwahi kuuona mlango huo.

Ulanzi haumo, ndugu zangu wa Iringa na Njombe. Makande hayamo. Ukiyaweka, mpinzani atayaondoa na zamu yako itapotea.

Wingi wake unakuwaje? WAZEE au MZEES?

Kwa kawaida Kiingereza kinabandika S na hakijali ngeli zetu: MZEES, UGALIS, SHAMBAS, KANZUS, UHURUS. Sikio linauma mwanzoni, lakini S hiyo ni pesa. Kumbuka kwamba kwenye mfuko mzima kuna S nne tu, kwa hiyo usiitumie kwa ajili ya pointi tatu za ziada. Itunze.

Ila kuna maneno ambayo Kiingereza kilichukua pamoja na wingi wake wa Kibantu, na hapo ndipo mtu wa kwetu anapomwacha mbali mchezaji wa Ulaya. Mengi ni majina ya fedha. LOTI ya Lesotho, wingi wake MALOTI. LIKUTA, senti ya Zaire ya zamani, wingi wake MAKUTA. TAMBALA ya Malawi ina TAMBALAS lakini pia ina MATAMBALA. Kiambishi *ma-* hakuna haja ya kukukaririsha.

Mama mmoja mfanyabiashara wa Tunduma alikuja kumtembelea mwanawe hapa, akaketi kutuangalia. Kijana aliyekuwa akicheza alikuwa na N, G, W, E, E na herufi nyingine mbili, anahangaika. Mama akainama, akamnong'oneza.

"Mwanangu, hapo si una ngwee?"

"Ngwee ndiyo nini, mama?"

"Senti za Zambia. Ngwee mia ni kwacha moja. Wewe hujawahi kuvuka?"

Tulifungua orodha. NGWEE imo. KWACHA nayo imo. Tangu hapo huwa nawaambia wenzetu wanaoishi mpakani, Tunduma kwa upande wa Zambia na Kasumulu kwa upande wa Malawi, kwamba pochi zao zimebeba maneno ambayo wengine wanayatafuta vitabuni.

Kuna maneno yanayofanana na ya Kiswahili lakini maana yake ni nyingine?

Yapo, na ni mazuri kwa kukumbuka kwa sababu maana yake inashangaza. KAKA ni kasuku wa New Zealand. BABA ni keki iliyolowekwa kwenye pombe. DADA ni mkondo wa sanaa ulioanzia Ulaya wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. PILI ni kokwa ya mti wa Ufilipino. TAKA ni fedha ya Bangladesh na KINA ni fedha ya Papua New Guinea. NANE kwa Waskoti ni "hakuna hata moja". RUPIA, tofauti na rupia ya Mjerumani waliyoisimulia mababu, ni kidonda cha ngozi chenye gamba. Na ile WALI niliyoitaja juu, mtoto akiisoma anadhani ni chakula, kumbe ni mtawala.

Angalia jambo moja kuhusu KAKA na KIKOI: K ni moja tu kwenye seti nzima. Ili uziandike lazima uwe na kigae kitupu cha kusimama badala ya K ya pili.

Kwa nini K ni moja wakati sisi tunaitumia kila neno?

Kwa sababu mchezo ulipimwa kwa Kiingereza. Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyekosa kazi wakati uchumi ulipoanguka miaka ya 1930, alihesabu herufi kwenye kurasa za magazeti ili ajue kila moja inatokea mara ngapi. E ilitokea sana, akaipa vigae 12 na pointi 1. K ilitokea kidogo, akaipa kigae kimoja na pointi 5. Kwanza mchezo aliuita Lexiko, baadaye Criss-Crosswords. Jina la Scrabble lilikuja mwaka 1948, baada ya James Brunot kuuchukua ili autengeneze na kuuza.

Angehesabu kwenye gazeti la Kiswahili, A na K zingejaa mfuko.

Nina irabu tupu. Nazimwagaje?

Mbili mbili: AA, AE, AI, EA, EE, IO, OE, OI, OO, OU zote ni halali Collins. AA ni lava iliyoganda ikawa na makali kama vigae vilivyovunjika. Neno ni la Hawaii. EA ni mto kwa lahaja za Uingereza. OO ni sufu kwa Waskoti.

Zaidi ya hapo kuna AALII, mti wa Hawaii, na EUOI, ukelele wa waabudu wa mungu wa divai huko Ugiriki ya kale. EUOUAE ni irabu tupu sita mfululizo: ni alama ya waimbaji wa kanisa wa zama za kati, zilizochukuliwa kutoka maneno ya Kilatini *seculorum Amen*. Nimeliona ubaoni mara moja tu.

Na nikikosa irabu kabisa?

BRR. Ndiyo, ni neno, sauti ya mtu anayetetemeka, na BRRR nayo ipo. Mtu yeyote aliyewahi kushuka basi Makambako saa kumi alfajiri hana haja ya kuelezwa. Kuna pia HM, HMM, SH, PST, PSST, TSK, NTH. CWM ni bonde lenye kuta kali mlimani, neno la Wales, na CRWTH ni fidla ya zamani ya hukohuko. Hizo mbili za Wales zinasomwa W ikiwa kama *u*.

Lazima nijue maana? Si nikariri tu?

Kanuni hazikulazimishi. Nigel Richards ni ushahidi tosha. Lakini kwa sisi wa kawaida, neno lenye picha halipotei, na Nyanda za Juu Kusini zimejaa picha.

Nenda Isimila, kilomita kama 20 kutoka Iringa mjini ukielekea Mbeya. Zile nguzo ndefu za udongo na mawe zilizochongwa na maji na upepo, kwa Kiingereza nguzo ya aina hiyo ni HOODOO. Neno lina O nne, hakuna njia bora ya kuondoa O. Chini yake kwenye korongo kuna zana za mawe za watu wa kale. Zana ya jiwe iliyochongwa kama kichwa cha shoka ni CELT. Tezo la seremala ni ADZE, pointi 14.

Panda Rungwe. Ziwa Masoko, lile la mviringo ambalo wenyeji huliita pia Kisiba, limekaa kwenye shimo lililofumuka pale joto la chini lilipokutana na maji. Shimo la namna hiyo ni MAAR. Ziwa Ngozi limekaa ndani ya CALDERA, herufi saba. Lile jiwe la chuma la Mbozi lililotoka angani, kimondo chenye uzito wa tani 16 hivi, ni SIDERITE, herufi nane. Kimondo kinachowaka vikali kikipita na kupasuka ni BOLIDE.

Mufindi na Tukuyu ni chai. CHA, ongeza I upate CHAI, ongeza R au N au S: CHAIR, CHAIN, CHAIS. Hiyo ndiyo tunaita kutundika, kuongeza herufi kwenye neno lililopo ili neno lako jipya lipite hapo. Waliofanya kazi viwandani wanalijua neno PEKOE, daraja la chai, kwa sababu limeandikwa kwenye magunia. Asili yake ni Kichina, linataja vinyweleo vyeupe vya jani changa.

Na Kitulo. Hifadhi ya Taifa tangu 2005, watu wanaiita Bustani ya Mungu. Nilikwenda mwezi wa pili, ukungu ukiwa haujaachia majani, tukatembea kwa uangalifu ili tusikanyage maua. Mzee aliyetuongoza alichuchumaa karibu na okidi moja ya zambarau, haikuzidi urefu wa kiganja, akatuonyesha kwa kidole bila kuigusa. "Hii hapa chini ina kiazi," alisema. "Wanakichimba, wanavusha Zambia, wanapika chikanda. Ukichimba kiazi, mwakani hapa hakuna ua."

Unga wa viazi vya okidi, kwa Kiingereza, ni SALEP. Waturuki wanautumia kwa kinywaji cha moto. Sasa zipange upya herufi zake tano: SEPAL, jani la nje linalokumbatia ua kabla halijachanua. Ua na kiazi chake vimo ndani ya herufi zilezile. Humo humo kuna LEAPS, PALES, PEALS, PLEAS na LAPSE. Nikiona A, E, L, P, S kibaoni, naiona ile okidi na kidole cha mzee kikiwa hewani, na maneno yote yanakuja kwa pamoja. Sijawahi kuyasahau tangu siku ile.

Maneno marefu ndiyo yanayoshinda?

Mara nyingi hapana. Ufundi wa Wanigeria ulisifiwa dunia nzima kwa maneno mafupi, ya herufi nne na tano, yanayobana ubao na kutunza herufi nzuri. Lakini neno refu likipata mahali pake linaua. Kwenye fainali ya ubingwa wa dunia wa 2016, kule Lille, Ufaransa, Brett Smitheram aliweka BRACONID akapata 176 kwa zamu moja. Ni aina ya nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya wadudu wengine.

Kwa anayetaka kutafuta neno la herufi saba, A, E, I, N, R, S, T ni hazina: RETAINS, NASTIER, STAINER, RETSINA ambayo ni divai ya Kigiriki yenye utomvu, na STEARIN, mafuta magumu ya kutengenezea mishumaa. Jifunze hizo kwanza, nyingine zitafuata.

Usihangaike na ZYZZYVA, mdudu anayependwa na wapenda maneno. Z ni moja, utahitaji vigae vitupu vyote viwili.

MBEYA, IRINGA, RUNGWE zinaruhusiwa?

Hapana. Majina ya mahali na ya watu hayaruhusiwi.

Mpinzani ameweka neno silijui. Nipinge?

Inategemea adhabu mliyokubaliana. Kwenye mashindano mengi ya kimataifa ukipinga neno halali unatozwa pointi 5, basi kupinga si hatari sana. Kwa utaratibu wa Amerika ya Kaskazini unapoteza zamu nzima. Sisi tunatoza 5.

Ushauri wangu: mpinge aliyesita kabla ya kuweka, si aliyeweka haraka. Na ukipinga, pinga kwa adabu. Tuna kijana wa kidato cha tatu kutoka Uyole anayecheza na wazee wenye umri wa babu yake. Husema, "Shikamoo babu, naomba tuangalie hilo neno." Mzee huitikia marahaba, wanafungua orodha pamoja, na yule aliyekosea hujifunza neno jipya papo hapo. Neno ulilopingwa na likashinda hutalisahau, na ulilopinga ukashindwa utalikumbuka zaidi.

Sina ubao wala vigae. Huku dukani sivioni.

Tengeneza. Nimeona seti ya vizibo vya soda kijijini Mufindi na ilichezwa vizuri kabisa. Kata boksi gumu lenye sentimita 60 kila upande, chora miraba 15 kwa 15, kila mmoja sentimita 4. Kusanya vizibo 100 vya aina moja. Herufi iandike kwa kalamu ya wino mzito upande wa ndani, ili mtu akiingiza mkono mfukoni vidole visiweze kuisoma.

E vizibo 12. A na I, 9 kila moja. O, 8. N, R, T, 6 kila moja. L, S, U, D, 4 kila moja. G, 3. B, C, M, P, F, H, V, W, Y, 2 kila moja. K, J, X, Q, Z, kimoja kimoja. Pointi ni hizi: irabu zote pamoja na L, N, S, T, R ni 1, D na G ni 2, B, C, M, P ni 3, F, H, V, W, Y ni 4, K ni 5, J na X ni 8, Q na Z ni 10.

Vizibo viwili vya mwisho usiviandike kitu. Hivyo ndivyo vitupu, vinasimama badala ya herufi yoyote.